Bajaji ya Tubebane na Mwaka wa Asasi

Vikombe vya kwanza vya kahawa vilikuwa bado vinafuka moshi pale redio ya kinyozi ilipotangaza kwamba Jiji limeupa mwaka huu jina. Utaitwa Mwaka wa Asasi. Mtangazaji alisoma kwa sauti ya mtu aliyekunywa chai akashiba: Mheshimiwa Meya ameahidi kuzishika mkono asasi zote ndogo za mitaani zinazosaidia watu bila kutafuta faida, na sherehe ya kuzitunuku itafanyika kwenye uwanja wa ofisi za Jiji, wananchi wote mnakaribishwa.

Kijiwe chenyewe ni benchi refu na viti vya kuokoteza, chini ya bati lililonyooshwa kutoka kibanda cha kinyozi mpaka gereji ya Spana. Katikati hukaa muuza kahawa na birika lake. Dada yake aliolewa mtaani hapo, na tangu ndoa ile mtaa mzima unamwita Shemeji, hata wale ambao hawakualikwa harusini. Kinyozi wanamwita Waziri, kwa sababu hakuna wizara ambayo hajawahi kuiongoza akiwa ameshika mashine ya kunyolea. Na Mzee Faili alikuwa karani wa Jiji mpaka alipostaafu. Jiji lilimwachia kiinua mgongo kidogo na mazoea makubwa ya kulitetea.

Mwanamke aliyekuwa na kiti chake pale ni mmoja tu, Mama Machela, mkunga mstaafu. Hakualikwa. Siku moja alikuwa anapita, miguu ikamuuma, akakaa, akaagiza kahawa, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba hapa ni pa wanaume. Nusu ya waliokaa benchi lile aliwapokea yeye walipokuwa wanakuja duniani, na si rahisi kumfukuza mtu aliyekupiga kofi lako la kwanza.

Shemeji ndiye aliyeuliza asasi ni mdudu gani. Mzee Faili akajiweka sawa, akaeleza taratibu kama anayesoma ubao wa matangazo: asasi ni watu waliojikusanya kusaidia wenzao, wala hawagawani faida. Waziri akasema kwa maana hiyo kila mwenye ndugu wengi ni asasi.

"Usichanganye mambo," Mzee Faili akasema, akamnyooshea Mama Machela kikombe. "Asasi ni huyu hapa. Tubebane ni asasi kamili."

"Nimeitwa mengi katika maisha yangu," Mama Machela akajibu. "Hilo lilikuwa limebaki."

Alicheka, lakini moyoni lile tangazo lilimgusa. Tubebane lilikuwa jambo lake kuliko wote. Mtaa wao umejengwa ubavuni mwa kilima, nyumba zimebanana kama meno, na vichochoro vyake gari la wagonjwa haliviwezi. Zamani, mke wa fundi seremala alishikwa na uchungu huko juu, mtoto amekaa vibaya, na ikabidi wanaume wang'oe mlango wa nyumba wamlaze juu yake, washuke naye mbio, Mama Machela akikimbia pembeni ameshika mkono wa mzazi. Walifika. Mama na mtoto wakapona, lakini ule mteremko Mama Machela hakuusahau. Alipostaafu alipita nyumba kwa nyumba, watu wakachangishana, wakanunua bajaji iliyokwisha kuchoka. Spana aliikata nyuma, akaondoa kiti cha abiria, akaweka kitanda chembamba chenye mikanda, na juu yake ndoano ya kutundikia dripu. Pembeni wakafunga machela, kwa ajili ya pale bajaji yenyewe inaposhindwa. Wenye uchungu, waliovunjika, wazee wa kwenda kliniki, wote wakawa wanabebwa bure, na dereva ni Spana mwenyewe, ambaye wateja wa gereji yake walishazoea kumwona akitupa spana chini na kupotea katikati ya kazi.

Basi wakiwa bado wanalijadili hilo neno asasi, wakamwona Spana anapanda barabara kwa miguu. Hilo peke yake lilikuwa habari. Spana ni mtu wa magurudumu, hata msalani ungedhani angeenda kwa pikipiki. Alifika, akakaa, akaomba maji badala ya kahawa.

"Wameikamata," akasema.

Alieleza kwa mkato. Spana alikuwa amempeleka Bibi wa Dirishani hospitali kusafishwa damu. Bibi huyo figo zake zimechoka, na siku zake za hospitali hazina mjadala. Akikosa, mwili unavimba na pumzi inakata. Spana alimbeba mpaka ndani, akamlaza, akatoka. Akakuta gurudumu la bajaji limefungwa mnyororo na askari wa maegesho wa Jiji amesimama kando yake. Askari akamwambia amesimama mahali pa magari ya wagonjwa, na hiki si gari la wagonjwa. Spana akasema basi atasogea pale kwenye teksi. Akaambiwa pale ni pa teksi, na hiki si teksi. Akauliza sasa asimame wapi. Askari akafikiri kwa haki kabisa, akamwambia asisimame.

"Nikamuuliza, mgonjwa nimrushe kwa dirisha nikipita?" Spana akasema. "Akaniambia hiyo ni idara nyingine. Likaja gari lao, wakaiburuta mpaka yadi."

Redio ndani ya kibanda cha Waziri ilikuwa bado inaimba wimbo wa kusifu Mwaka wa Asasi.

"Si walisema watatushika mkono?" Waziri akasema. "Wameanza na gurudumu."

Hapo kijiwe kikawaka. Mzee Faili alisema Jiji ni kubwa, lina mikono mingi, na si kila mkono unajua mwenzake uko wapi. Waziri akasema huyo ni pweza, si Jiji, na pweza yeye huchemshwa. Halafu akatoa sera yake: Jiji lisitoe maneno, litoe pesa. Lijaze asasi mapesa, zinunue magari ya kweli yenye ving'ora, uone kama kuna askari atakayegusa. Shemeji akaunga mkono, akasema pesa haijawahi kumharibu mtu yeyote anayemfahamu, kwa sababu wote anaowafahamu hawajaipata.

Mama Machela aliweka kikombe chini. Alikuwa anamfikiria Bibi wa Dirishani, ambaye saa ile alikuwa amelala kwenye mashine bila kujua kwamba usafiri wake umefungwa minyororo kama mwizi wa kuku. Aliposema, aliwakumbusha chama cha vijana wa mitaro. Wale vijana walikuwa wanazibua mitaro ya mtaa wa chini kila mvua inapokaribia, kwa majembe yao wenyewe. Jiji likawapenda. Likawapa fungu, na fungu likaja na masharti yake: ofisi, mhuri, mratibu, na semina. Wakapelekwa hotelini kufundishwa umuhimu wa mitaro. Wakiwa kule, mvua ikanyesha, mitaro ikaziba, na maji yakaingia mpaka kwenye ofisi yao mpya.

"Sikatai pesa," Mama Machela akasema. "Lakini mimi siombi Jiji linibebe. Kubeba tunajua. Mimi nataka mahali pa kusimama pale hospitali, mstari wa rangi tu chini, uandikwe kwamba hapa pana watu wanashusha wagonjwa. Na nataka mtu mmoja pale Jijini mwenye jina na simu, nikimpigia apokee, asiniambie hiyo ni idara nyingine. Jiji likitupa hayo mawili, mengine tutachangishana."

Waziri akasema hayo ni madogo mno, yataliaibisha Jiji. Mzee Faili, kwa upande wake, alikuwa ameshasimama anakung'uta suruali. Alisema yeye anazijua zile korido, waende yeye na Mama Machela, na kabla kahawa haijaisha bajaji itakuwa imerudi.

Kahawa iliisha. Ofisi za Jiji ni jengo refu lenye harufu ya rangi mbichi na karatasi za zamani, na wakati wa Mzee Faili idara zote zilikaa vyumba vingine. Alimpeleka Mama Machela kwa kujiamini mpaka kwenye mlango wa maegesho, ambao ulifunguka wakakuta ni stoo ya fagio. Waliulizauliza mpaka wakafika. Mkuu wa maegesho, bwana mmoja mnene mwenye upole wa daktari wa meno, aliwasikiliza mpaka mwisho. Alisema yeye binafsi anaipenda sana kazi yao. Tatizo ni kwamba chombo chao hakimo katika aina yoyote ya chombo. Si cha abiria, maana hakina viti. Si cha mizigo, maana kinabeba watu. Si cha wagonjwa, maana hakina mlango wa nyuma. Na kisichokuwa na aina hakiwezi kutolewa yadi, kwa sababu hakijulikani kitolewe kama nini.

Mama Machela alimuuliza kilikamatwa kama nini. Bwana yule akasema hilo ni swali zuri sana, akawaelekeza mlango wa ng'ambo.

Chumba cha pili, ng'ambo ya korido, ndicho cha asasi. Humo walimkuta mwanamke kijana, nadhifu, amezungukwa na mabango ambayo hayajatundikwa na maboksi ya fulana za sherehe. Alipowasikia wanatoka Tubebane aliinuka akawashika mikono yote miwili. Alisema alikuwa anawatafuta. Kamati imewachagua kuwa mfano wa kuigwa, watapanda jukwaani, Meya mwenyewe atawapa ngao.

"Mwanangu," Mama Machela akamwambia, "bajaji yetu mmeikamata nyie."

Afisa yule wa asasi akaiachia mikono yao. Akatoka, wakamsikia akibisha mlango wa ng'ambo. Sauti zikapanda, zikashuka. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Alisema ukweli wake bila kuupaka sukari: idara yake ina bango, ina fulana, ina kipaza sauti, lakini haina ufunguo wowote wa yadi, na barua yake kwa maegesho lazima ipande kwa mkurugenzi ndipo ishuke, ingawa yeye na yule bwana wanachemshia chai birika moja.

Mama Machela alikuwa ameingia pale amejiandaa kugomba. Hasira ikakosa pa kutua. Alijikumbuka mwenyewe akiwa mkunga mpya, kapewa wodi nzima na koti jeupe zuri, bila glavu hata moja. Akamwambia yule binti asilie, maana ilionekana yuko karibu, na kwamba watakuja kwenye sherehe.

Kukabaki swali la Bibi wa Dirishani. Siku yake ya hospitali ilikuwa inarudi, na kumbeba mgongoni isingewezekana, mifupa yake haitaki kubanwa. Kijiwe kilikaa kikao cha dharura. Mapendekezo yalikuwa mengi na mengi yalikuwa ya hovyo, mpaka Spana alipotazama ndani ya kibanda cha kinyozi, akakitazama kile kiti: kiti kizito cha chuma, kinazunguka, kinalazwa nyuma, kina pa kuegemeza kichwa na pa kuwekea miguu. Waziri aliona macho ya Spana yalipotua, akasema hapana kabla hajaombwa.

"Siku moja tu," Mama Machela akamwambia.

"Mama, hicho ndicho kinyozi. Mimi ni mtu wa kukizunguka tu."

Lakini kofi la kwanza Waziri naye alipigwa na yuleyule. Wakaking'oa kiti, wakakikaza kwa bolti juu ya mkokoteni wa mizigo, wakamfunga Bibi mikanda, wakamfunika kwa kile kitambaa cha kunyolea ili vumbi lisimpate. Wakamshusha kilima, Spana mbele, Waziri nyuma akilinda kiti chake kuliko alivyolinda mgonjwa, Shemeji pembeni na mwavuli. Njiani watu walisimama kuangalia. Bibi wa Dirishani, ambaye kwa miaka anaiona dunia kupitia dirisha moja, alifurahi kama bwana harusi, akawa anapungia mkono pande zote. Alimuuliza Waziri kama wakifika atanyolewa huku akisafishwa, amalize yote mara moja.

Safari hiyo ilifanikiwa. Iliyofuata ilikuwa na mvua. Kwenye kona ya mteremko gurudumu la mkokoteni liliteleza, ukaanza kwenda wenyewe, na Spana akajikuta anauzuia kwa mgongo, viatu vinalima matope. Mama Machela alijitupa akashika pa kuegemeza miguu. Walisimama kwenye ukingo wa mtaro. Hakuna aliyecheka. Bibi alikuwa amefumba macho, midomo inatikisika, na walipofika hospitali wamechelewa muuguzi aliwakaripia na wakakubali kukaripiwa. Usiku huo Mama Machela hakula vizuri. Alijua wakati mwingine wasingepata ukingo wa kuwasimamisha.

Siku ya sherehe ikawa ndiyo siku ya Bibi. Mzee Faili, aliyekuwa amevaa suti yake ya kustaafia, alishauri mgonjwa apelekwe mapema na mkokoteni ufichwe mahali, wasije wakalitia Jiji aibu mbele ya wageni. Bibi mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema kama kuna sherehe ya watu wanaobeba, na yeye ndiye anayebebwa, haoni kwa nini ajifiche. Hospitali ikimaliza naye, wampitishe uwanjani.

Basi waliingia uwanjani kutoka hospitali, jua limewaka, turubai zimejaa watu wenye fulana zinazofanana. Bendi ilikuwa inapumzika. Mkokoteni ulipita katikati ya viti, juu yake kiti cha kinyozi, juu yake bibi kizee amefunikwa kitambaa cheupe kama malkia anayesubiri kunyolewa. Watu walidhani ni onyesho. Wakapiga makofi. Meya alisimama, akapiga makofi kuliko wote, akashika kipaza sauti akasema huu ndio ubunifu ambao Jiji linautafuta, watu wa kawaida kutengeneza chombo cha wagonjwa kwa vitu vya kawaida, na angependa kuona mikokoteni kama hii kila mtaa.

Waziri alisikia hilo, akashika kiti chake.

Afisa wa asasi alikuwa kando ya jukwaa ameshika ngao. Ratiba ilisema apande Meya atoe ngao, halafu wimbo. Haikusema kitu kuhusu mtu wa asasi kuongea. Alimtazama Mama Machela, akamtazama mkurugenzi wake, kisha akaenda akachukua kipaza sauti cha mshereheshaji, akampelekea Bibi mdomoni na kumwomba amsalimu Mheshimiwa.

"Shikamoo ningekupa mimi kwa cheo," Bibi wa Dirishani akasema, "lakini umri umenikatalia. Mwanangu, huu si ubunifu. Ubunifu wetu uko kwenye yadi yako, umefungwa mnyororo. Huu unaouona ni ukosefu."

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika katikati, maana Meya hakucheka. Mama Machela akapewa kipaza sauti. Alikuwa hajazoea kusema mbele za watu wengi, na hotuba aliyotungiwa na Mzee Faili ikamtoka yote kichwani. Akasema alichonacho. Alisimulia ile siku ya mvua, gurudumu lilivyoteleza, na ukingo wa mtaro. Alisema ngao ni nzuri na wataitundika, lakini ngao haimbebi mtu. Akaomba mahali pa kusimama na mtu wa kupigiwa simu. Akamrudishia Afisa kipaza sauti, akashika mkono wa Bibi.

Meya aligeuka akamtafuta mkuu wa maegesho. Bwana yule alikuwa safu ya pili, fulana ya sherehe imembana. Alisimama akaeleza kwa upole uleule kwamba chombo hakina aina.

"Kiandikieni aina," Meya akasema.

"Ipi, Mheshimiwa?"

Meya alifikiri. Alikuwa mwanasiasa, na mbele yake kulikuwa na bibi kizee kwenye kiti cha kinyozi na wapiga picha wa magazeti. "Chombo cha kubebana," akasema. "Na ufunguo wa yadi uko wapi?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa bwana mwenyewe. Basi nusu ya sherehe ikaondoka kwenda yadi, mkokoteni mbele, bendi ikafuata kwa sababu haikuambiwa ibaki. Walipofungua geti hawakumwona mlinzi. Walimkuta ndani ya bajaji, amelala chali kwenye kitanda cha wagonjwa, mikanda ameifunga vizuri, shati lake limetundikwa kwenye ndoano ya dripu. Alikuwa na mgongo mbovu, akasema baadaye, na tangu chombo kile kiletwe alikuwa hajawahi kulala vizuri namna ile kazini. Alikuwa mtu wa pekee pale mjini aliyesikitika ilipotoka. Spana hakumgombeza. Alimwambia mgongo ukizidi apige simu, watamfuata.

Mzee Faili aliusimulia ushindi huo kwa muda mrefu kama kazi ya korido, na kijiwe kikamwachia, kwa sababu suti yake ilikuwa imechafuka kweli kwa vumbi la yadi. Waziri akarudishiwa kiti chake. Mstari wa rangi pale hospitali ulichelewa, kama vitu vya Jiji vinavyochelewa, lakini ulipigwa, na maneno yakaandikwa chini kwa herufi kubwa: CHOMBO CHA KUBEBANA. Askari yuleyule wa mnyororo sasa anazifukuza teksi zinazoegesha hapo, kwa ukali uleule.

Kilichomshangaza Mama Machela ni Afisa. Alitegemea namba ya simu tu. Binti yule akaja mwenyewe kijiweni, akiwa na viatu vya ofisini na mkoba, akaomba pa kukaa. Alisema amechoka kuziita asasi ofisini kwake, watu wanaacha kazi zao kwenda kukaa kwenye korido. Kuanzia sasa atapita mitaani yeye, aulize kila chama kinakwazwa na nini, kabla ya kukiuliza kinataka kupewa nini. Waziri akamuuliza kama Jiji limeanza kutumia akili au ni yeye peke yake. Akasema kwa sasa ni yeye peke yake, ila ameshamwambukiza bwana wa maegesho kwa kupitia lile birika la chai. Shemeji akammiminia kahawa.

Hakuwahi kuimaliza. Simu ya Mama Machela iliita: mchoma makaa wa huko juu kabisa, mwanaume wa kilo zake, alikuwa ameanguka kutoka kwenye rundo la magunia, nyonga imetoka mahali pake. Nyumba yake iko mwisho wa ngazi za mawe, ambako bajaji hufika chini tu. Spana aliwasha chombo. Mzee Faili hawezi ngazi, na Shemeji alikuwa ametegua mkono wake juzi, kwa hiyo machela ilikuwa na wabebaji watatu na pembe nne.

Mama Machela alimtazama Afisa. "Mwanangu, ulisema Jiji linataka kujua linaweza kutusaidiaje."

Afisa aliutazama mlima, akaviangalia viatu vyake. Akavivua, akavikabidhi kwa Shemeji, akapanda bajaji.

Walimkuta mchoma makaa amelala mlangoni, mweusi wa vumbi, anauma meno kwa maumivu. Mama Machela akamfunga nyonga, akawaelekeza namna ya kuinua. Spana na Waziri wakachukua mbele, yeye na Afisa wakachukua nyuma. Walishuka ngazi moja moja, wakinong'onezana hatua. Jasho lilimtiririka Afisa, makaa yakampaka blauzi, lakini pembe yake haikushuka.

Katikati ya ngazi walipumzika. Mchoma makaa akafumbua macho, akamwona mtu asiyemjua amemwinamia, anahema. Akauliza huyu ni nani.

"Huyo ndiye Jiji," Waziri akasema.

Mgonjwa alimtazama vizuri, toka nywele zilizofumuka mpaka miguu peku. Huruma ikamwingia, pamoja na maumivu yake yote.

"Pole, Jiji," akasema. "Najua mimi ni mzito."

Afisa akajibu, pumzi imembana, kwamba hapana, kaka, wala si mzito. Na huo ndio ukawa uongo wa kwanza wa Jiji kusamehewa na mtaa mzima.